Mgongo wa Kisiwa: Kwa Miguu kutoka Shela hadi Kipungani

Wengi wetu tunaosema twaijua Amu, twaijua kwa uso wake: gati na majahazi, ngome, punda waliobeba mifuko ya saruji, na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hana budi kumpisha mwenziwe. Uso huo unatazama mlango wa bahari uliotulia, na ng'ambo yake kipo kisiwa cha Manda kinachoukinga na mawimbi. Kisiwa cha Lamu kina mgongo pia. Mgongo huo ni ufuo wa mchanga wenye urefu wa kilomita 12 hivi, unaoanzia kijiji cha Shela na kwenda kusini magharibi hadi karibu na Kipungani, umeelekea Bahari ya Hindi bila ya kizuizi chochote. Hauna barabara, hauna duka, na kwa masafa marefu hauna hata mti wenye kivuli cha kuwatosha watu wawili. Huko ndiko tulikokwenda kutembea, mume na mke, mwishoni mwa Februari, wakati shule zilipofungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula.

Mama mzazi wa mume, ambaye twaishi naye Kisauni, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka. Amu kuna nani? Kwa desturi zetu mtu husafiri kwa arusi, kwa matanga, kwa mgonjwa, kwa Maulidi au kwa biashara. Watu wazima wenye watoto watatu kufunga mizigo ili wakatembee mchangani, kisha warudi, ni jambo lililomstaajabisha. Alikubali kubaki na watoto, akatufungia tende na mkate wa sinia, na akatuombea dua ya safari huku akicheka.

Sababu ya kweli tulimwambia baadaye. Mume ni fundi wa mitambo ya baridi, yaani majokofu makubwa na viyoyozi, na mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Mapema mwaka huo kampuni moja ya Doha ilimletea mume mkataba wa miaka miwili, kwa mshahara unaozidi mara tatu ule anaoupata Mombasa. Jibu lilitakiwa kabla ya Jumanne iliyofuata. Kwa majuma matatu tulikuwa tukilizungumza jambo hilo usiku, kwa sauti ya chini ili wasitusikie wa chumba cha pili, na kila tukilizungumza mmoja wetu alikuwa amechoka mno kusikiliza au mwingine amechoka mno kusema. Nyumba zetu za Pwani zina baraka ya kujaa watu. Zina upungufu pia, nao ni kwamba mume na mke hawapati pahali pa kushindana kwa maneno hadi mwisho.

Tuliondoka Mombasa Alhamisi alfajiri, kwa makusudi ya kutoiacha Ijumaa ikatukuta njiani. Safari ya basi si ya kusimuliwa sana: Malindi, kisha daraja la mto Tana karibu na Garsen, Witu na michungwa na miembe yake, vizuizi vya askari ambapo abiria huteremka na kuonyesha vitambulisho, halafu Mokowe, ambako bara linakwisha. Kutoka hapo ni mashua ya mashine hadi Amu, na nyingine hadi Shela. Mwenye nguvu aweza kwenda Shela kwa miguu kando ya maji, mwendo wa chini ya saa moja, lakini sisi tulikuwa na jua la alasiri na mifuko.

Ijumaa tuliikalia Shela bila ya haraka. Mume aliswali katika Msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, ule wenye mnara wa duara uliochongoka kama pia, unaoonekana kutoka baharini kabla ya nyumba yoyote. Mke alibaki na wanawake wa nyumba tuliyofikia, nao ndio waliomsimulia kwamba asili ya watu wa Shela ni Takwa, ng'ambo ya Manda. Takwa ulikuwa mji wenye msikiti na ukuta. Ulihamwa katika karne ya 17, na wenyewe wakavuka wakajenga hapa. Mahame yake yapo mpaka leo, na liko kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria. Watu wa Shela hawakulisahau: huvuka kwenda kulizuru na kuomba mvua. Jambo hili lilitugusa zaidi tulivyokuwa. Watu walihama, na bado kila mwaka wana pahali pa kurudi.

Alasiri tulipanda matuta ya mchanga nyuma ya kijiji. Aliyezoea fukwe za Nyali au Bamburi, ambako ukuta wa hoteli unaanza pale mchanga unapokoma, atashangaa. Matuta ya Shela ni vilima hasa, vyeupe, vimepandana, vimeshikwa hapa na pale na vichaka na mikoma, na upepo huvifinyanga upya kila msimu. Katika mchanga huu vilipiganwa vita vya Shela, karibu na mwaka 1812. Jeshi la Pate pamoja na washirika wao Mazrui wa Mombasa walishuka hapa ili kuivamia Amu. Waamu waliwashinda, na wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Waliuawa wengi pale pale ufuoni, na kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa yao. Waamu, wakihofia kisasi, walimwomba Sayyid Said bin Sultan wa Oman awalinde. Akawapelekea liwali, na ngome ya Amu iliyokuwa imeanza kujengwa ikamalizwa karibu na mwaka 1821. Historia ya upwa wetu wote iligeuka siku hiyo kwa sababu ya maji kupwa, na sisi Wamombasa, kusema kweli, hatuisimulii sana.

Chini ya matuta hayo kuna jambo kubwa kuliko vita. Mvua inayonyesha juu ya mchanga haitiririki kwenda baharini. Huzama, ikachujwa na mchanga wenyewe, na ikakaa chini juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Visima vya Shela vinachota kwenye hazina hiyo, na ndiyo inayounywesha mji wa Amu kwa vizazi. Ukichota kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda na kuchukua nafasi ya yaliyotolewa. Ukijenga juu ya matuta na kuchimba mashimo ya vyoo, uchafu hushuka ndani ya maji yale yale. Ndiyo sababu watu wa kisiwa hiki hukasirika wanaposikia kwamba kipande cha matuta kimepata mwenyewe na hati. Mgeni huona mchanga mtupu wenye mandhari nzuri. Mwenyeji huona mtungi. Twaona kwamba mwenyeji ana haki, na kwamba nyumba nyingine tulizoziona zikipanda juu ya kilima, hata zikiwa nzuri namna gani, zimejengwa pasipostahili.

Kuhusu saa ya kuondoka hatukutegemea akili zetu. Tulimwuliza mvuvi mzee aliyekuwa akifuma wavu barazani. Alitazama mwezi, ambao ulikuwa umejaa, akasema tumekuja siku njema. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapojaa, maji ya upwa wetu hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Jumamosi yetu yangekuwa yametoka kabisa baada ya saa nne. Mtu akitoka mapema, akaenda na maji yanayorudi nyuma, hupata mchanga mgumu wa kukanyaga, mpana kama barabara kuu. Akichelewa, maji humsukuma hadi kwenye mchanga mlaini chini ya matuta, na humo kila hatua ni kazi ya hatua mbili. Alituonya pia kwamba tusiogelee karibu na mlango wa bahari, kwa kuwa mkondo wa hapo una nguvu. Kaskazi bado ilikuwa ikivuma, kwa hivyo upepo ungekuwa mgongoni. "Ndia ni moya," alisema, "bahari kushoto, mtanga kulia."

Tuliswali Alfajiri, tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi, na saa kumi na mbili na nusu tulikuwa ufuoni. Tulichukua lita sita za maji, tende, mayai ya kuchemsha, mkate uliobaki, na mwavuli mmoja. Mke alivaa dera la pamba, mtandio mkubwa na viatu vya raba. Buibui alilikunja mfukoni kwa ajili ya kijijini. Twalitaja hili kwa sababu dada zetu wengi hudhani kutembea namna hii kwahitaji nguo za duka la michezo. Kwahitaji nguo nyepesi isiyonasa kwenye miguu, basi.

Nusu saa ya kwanza hupita mbele ya majumba ya kukodisha na wageni wanaoota jua. Hatukuwa na la kusema juu yao ila kuinamisha macho na kuongeza mwendo. Baada ya hapo hapana mtu. Ajabu ni jinsi sauti inavyobadilika: mbele ya Shela bahari hunong'ona, lakini ukishaipita pembe ya ufuo, mawimbi huja kutoka mbali na kuvunjika kwa uzito, na watu wawili hulazimika ama kukaribiana ama kunyamaza. Tulinyamaza. Kaa weupe wenye macho yaliyosimama walikimbia mbele yetu na kudumbukia mashimoni. Mtambaazi wenye maua ya zambarau ulikuwa umeteremka kutoka kwenye matuta hadi mahali maji ya bamvua yalipofika. Jua lilitoka upande wa bahari, jekundu, na kwa muda wa robo saa lilikuwa jambo la kutazamwa. Baada ya hapo lilikuwa jambo la kujikinga.

Pahali pamoja tulikuta alama mbili pana zilizosambamba, kama njia ya tingatinga ndogo, zikipanda kutoka majini hadi chini ya tuta na kurudi. Alikuwa kasa jike. Hupanda usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia na zaidi, huyafukia na kuondoka, na watoto hutoka wenyewe baada ya miezi miwili hivi. Hatukukanyaga karibu. Mke alisema kwa mzaha kwamba huyo ndiye mama anayejua kusafiri. Mume hakucheka, na hapo ndipo tulipojua kwamba mazungumzo yameanza.

Tungependa kuusifu ufuo huu kwa usafi lakini si kweli. Mstari wa maji ya juu umejaa chupa, kamba za nyavu na ndara, ndara zisizohesabika, za kushoto na za kulia, nyingi zimetoka nchi za mbali pamoja na mkondo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini bahari haina mpaka wa sheria. Wapo waliolifikiria hilo vizuri kuliko sisi: mafundi wa Amu walikusanya takataka hizi hizi wakaunda dau zima la plastiki, wakalifunika kwa ndara za rangi, wakaliita FlipFlopi, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Sisi tulijaza mfuko mmoja, tukaona aibu ya uchache wake, tukaendelea kuubeba.

Mazungumzo yenyewe yalichukua muda wa saa mbili hivi za mwendo. Hatutayaandika yote. Lakini kwa kuwa najua ya kila mtaa wa Mombasa, Malindi na Amu ina nyumba yenye mume, kaka au binti aliye Ghuba, huenda yakamfaa mtu.

Mke alieleza jambo ambalo katika miaka 14 ya ndoa hakuwa amelieleza kikamilifu. Baba yake alikuwa Maskati katika miaka ya themanini. Barua zilikuwa chache kwa sababu bibi mwenye nyumba hakuwa msomaji, walipelekeana kaseti. Alasiri moja kila mwezi mama aliwaosha watoto, akawavisha kana kwamba wanakwenda kupigwa picha, akawaketisha mbele ya redio, na kila mmoja akasema salamu zake kwa zamu. Kisha watoto wakatolewa nje na mama akafunga mlango ili aseme yake. Kaseti ya baba ilipokuja, mtaa mzima ulisikiliza upande wa kwanza. Upande wa pili alisikiliza mama peke yake. Baba aliporudi, mdogo wao wa mwisho alikimbilia uvunguni mwa kitanda akilia kwamba kuna mgeni ndani. Mke hakuyasimulia haya ili kumzuia mume. Alitaka mume ajue uzito wa kitu anachomwomba akibebe.

Mume naye alisema yake. Ada za mtoto wa kwanza zinaanza mwakani. Paa la nyumba ya mama linavuja, na kila masika twahamisha vitanda. Mshahara wake wa Mombasa umesimama pale pale kwa miaka minne, na yeye ameshafika umri ambao mlango kama huu haufunguliwi mara mbili. Akaongeza, kwa sauti ambayo upepo nusura uichukue, kwamba kuna siku huona haya kurudi nyumbani na mkono mtupu, na kwamba haya hiyo ndiyo iliyomfanya awe mkimya mwaka mzima uliopita. Mke alikuwa amedhani ukimya ule ulikuwa wa kumkinai.

Tulikuwa tumefika pahali ambapo mikoma mitatu imesimama pamoja juu ya tuta. Hicho ndicho kivuli pekee tulichokipata cha kukalia. Tulikula mayai na tende, tukatawadha kwa maji ya bahari, tukaswali Dhuha. Kibla cha Lamu ni karibu kaskazini kamili, kwa hivyo tulielekea matuta na bahari ikawa nyuma yetu. Tulipomaliza, maji yalikuwa yametoka yakaacha uwanja mpana wa mchanga uliolowa, na mbali kabisa tuliona tanga moja.

Babu zetu waliokaa Amu waliyajua majahazi ya Ghuba kwa majira. Yalikuja na kaskazi, kuanzia Disemba, yakileta tende na samaki wakavu na mazulia. Yakangoja hadi kusi inaposhika, yakarudi na boriti za mikoko. Bahari ilikuwa na ratiba, na mwenye mume baharini alijua mwezi wa kumtazamia. Mkataba wa siku hizi hauna msimu. Kutokana na wazo hilo mke alianza kutaja masharti yake. Kwanza, alitaka mwaka mmoja badala ya miwili, na ruhusa ya kurudi baada ya miezi sita hata kama nauli itatoka mfukoni mwetu. Mume alisema kampuni haitakubali; mke akasema kampuni haijaulizwa. Alitaka simu ya kila siku iwe baada ya Magharibi ya Mombasa, kabla watoto hawajalala, si usiku wa manane mume anapopata nafasi. Zaidi ya yote alitaka fedha ziingie katika akaunti yenye majina mawili, wala zisipitie kwa ndugu.

Sharti hili la mwisho lilitupeleka kilomita mbili nzima. Mume aliona kwamba kaka yake, aliyetusaidia tulipojenga, atavunjika moyo. Mke aliona kwamba kaka ni mtu mwema, na kwamba ni afadhali kumwepusha mtu mwema na fedha za watu. Tuliinua sauti. Hapakuwa na mtu wa kutusikia isipokuwa kaa, na twakiri kwamba kupiga kelele pale, kando ya mawimbi, baada ya majuma matatu ya kunong'ona, kulikuwa na raha yake. Aliyeshinda hatumtaji. Akaunti ina majina mawili.

Saa tano kasoro robo tuliuacha ufuo na kufuata njia ya mchanga iliyopita katikati ya mashamba hadi Kipungani. Miguu ilikuwa imechoka na maji yamebaki nusu lita. Kijiji ni kidogo, nyumba za makuti na za mawe, msikiti, miembe, na mbele yake mlango wa bahari mwembamba uliozungukwa na mikoko. Tulipokewa na jamaa wa mwalimu mwenzake mke, ambao walikuwa wametupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka kana kwamba tumetoka vitani. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, tukalala hadi jua lilipopungua makali.

Jioni ile mke aliketi na wanawake waliokuwa wakisuka mikeka ya miyaa. Kipungani inajulikana kwa kazi hiyo. Miyaa huanikwa hadi ikauka, ikachanwa kwa upana mmoja, mingine ikatiwa rangi, ikasukwa ukanda mrefu mwembamba. Kanda ndizo zinazoshonwa pamoja zikawa mkeka. Ukanda mmoja huweza kutembea na mwenyewe siku nyingi, husukwa kisimani, barazani, kwa jirani, mtoto akinyonya. Bibi mmoja alimweka mke ukanda mikononi, akamwonyesha, akaufumua alichokisuka bila ya kusema neno, akamwonyesha tena. Alipoulizwa kama mumewe yupo, alijibu kwamba yupo baharini tangu majuzi, atarudi samaki wakipatikana. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwezi ulichomoza karibu na Isha, mkubwa, ukaipaka mikoko rangi ya bati.

Jumapili tulirudi Amu kwa maji. Dau liliondoka saa nane na nusu, maji ya kujaa yalipoanza kuingia katika mikondo. Kwa kuwa kaskazi ilikuwa mbele, tanga halikutweka. Nahodha alitumia mashine ndogo, na penye maji machache pondo. Safari hii ni kinyume cha ile ya jana kwa kila hali. Hapana wimbi, hapana upeo, ni kijani kibichi tu pande zote na mizizi iliyopinda kama vidole. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii ya Lamu. Zamani boriti zake zilivuka hadi Arabuni na Ghuba na kuezeka nyumba za huko ambako miti mirefu ni adimu, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Tulipita Matondoni, kijiji cha waunda vyombo. Kando ya maji lilisimama jahazi ambalo halijatiwa mbao za ubavuni, na mbavu zake zilikuwa wazi. Mume, ambaye ni fundi, alimwomba nahodha apunguze mwendo, akalitazama hadi lilipofichwa na mikoko.

Jumatatu, tukingoja basi Mokowe, mume aliandika jibu kwa simu na mke akalisoma kabla halijatumwa. Aliomba mwaka mmoja. Kampuni ilijibu siku ya tatu: miezi 18, na likizo baada ya tisa. Aliondoka mwishoni mwa Machi. Makala haya tumeyaandika pamoja kwa simu, baada ya Magharibi, sehemu kwa sehemu, mke akiandika na mume akisahihisha. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba mikoma ilikuwa mitatu, mke angali anashikilia kwamba ilikuwa minne.

Kwa wanandoa watakaopenda kwenda, haya machache. Nendeni wakati wa kaskazi au matlai; kusi ikishashika, bahari ya upande ule huchafuka, na mchanga unaorushwa na upepo hupiga uso. Tazameni mwezi kwanza, kisha kalenda ya kazi. Katika siku za maji mafu bahari haitoki sana na hamtapata njia pana. Mwambieni mtu wa Shela mnakokwenda na mtu wa Kipungani saa mtakayofika, kwa kuwa katikati hapana wa kuwauliza. Maji yasipungue lita tatu kwa kila mtu. Mwenye kisukari achukue kitu kitamu mkononi, si ndani ya mfuko wa mgongoni. Dau la kurudi lipangwe siku moja kabla, na bei ikubaliwe kabla ya kupanda. Watoto wadogo wataweza nusu ya njia tu, na kusema kweli hii si safari yao. Mkirudi kupitia Kipungani, nunueni mkeka kwa aliyeusuka. Wetu uko Kisauni, katika chumba cha mama, ambako paa limeshaezekwa upya.